Rola kosta mpya inasimama kila siku, nimruhusu mwanangu apande?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu maswali yenu karibu yote yameangukia sehemu moja, rola kosta, ile treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, maana huku tuliko shule zinakaribia kufungwa na watoto wameshaanza kusumbua. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu kuliko mengine, mnivumilie, jambo lenyewe linanigusa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Leicester. Mwanangu mkubwa ana miaka 14, yeye na wenzake wa shule wanataka kwenda kupanda rola kosta mpya, imefunguliwa juzi juzi tu. Sasa kila nikishika simu nakuta watu wanalalamika, leo imesimama masaa mawili, kesho imekwama na watu wako juu, keshokutwa wamefunga kabisa. Baba yake anasema kitu kipya hakiwezi kuwa kibovu, watu wanapenda tu kuongea. Mimi moyo unakataa. Nani ana haki hapa?

JIBU: Marahaba mama. Baba hapo kateleza, kitu kipya ndo kinasumbua kuliko cha zamani, muulize mtu yeyote aliyewahi kufunga mashine mpya kiwandani. Rola kosta inatoka kwenye michoro, vipande vinaletwa na malori, vinafungwa kwa bolti juu ya nguzo, halafu siku ya kwanza inapopita pale yenyewe haijawahi kukutana na baridi ya asubuhi, mvua ya mchana, upepo wa jioni na watu wazito na wepesi waliokaa ovyo ovyo. Bearing bado ngumu, grisi haijazoea, sensa moja, kile kifaa cha kutambua kwamba treni imepita, imefungwa milimita chache pembeni ya pale ilipotakiwa iwe. Kwa hiyo inasimama. Wanarekebisha, inasimama tena. Miezi ya mwanzo ndo iko hivo na mimi ningeshangaa zaidi kama isingesimama.

Lakini na wewe moyo wako usiudharau, una hoja, ila umeshika mwisho ambao sio. Kusimama sio hatari. Nieleze hapa taratibu maana ndo roho ya jibu langu.

Reli ya rola kosta imegawanywa vipande vipande, na sheria ni moja tu, kwenye kipande kimoja inakaa treni moja. Treni ya nyuma haiachiwi kuingia mpaka ya mbele iwe imetoka. Hakuna mtu anayekaa anahesabu kwa macho, ni sensa zilizofungwa kwenye reli, treni ikipita zinahesabu zinapeleka kwa kompyuta, na kompyuta ikikosa hesabu, hata kama kilichotokea ni sensa moja tu imechafuka, inasimamisha kila kitu. Haikisii. Breki nazo zimetengenezwa kinyume na tunavyofikiria sisi wenye magari, kwa nyingi ya hizi mashine breki yenyewe kwa hali yake ya kawaida imefunga, umeme au hewa ndo unaifungua, umeme ukikatika inabana. Kwa hiyo unaposikia imekwama mlimani, pale reli inapopanda juu, na watu, mara nyingi ni kompyuta imesema sijaridhika. Mimi nikisikia hivo natulia.

Ninachoogopa ni dakika zinazofuata. Fundi anapokuja, foleni ni ndefu, bosi anapiga simu, na yeye ndo anaamua kama ile kompyuta imesema kweli au imekosea.

Nikupe mfano na uko karibu na wewe, Alton Towers, bustani ya michezo iliyoko Staffordshire. Mwaka 2013 walifungua rola kosta inaitwa The Smiler, imetengenezwa na Gerstlauer wa Ujerumani, pauni milioni 18, inakupindua kichwa chini mara 14, rekodi ya dunia. Ilitakiwa ifunguliwe msimu ulipoanza mwezi wa tatu ikachelewa mpaka tarehe 31 Mei. Mwezi wa saba ikafungwa siku kadhaa, kuna kitu kilionekana kimeachia kwenye reli. Mwezi wa kumi na moja vikinga vya plastiki vya magurudumu vikachomoka vikawapiga waliokaa mbele. Watu wakasema kama wanavyosema kwenye simu yako, hii kitu mbovu, wataua mtu.

Halafu ikatulia. Mwaka mmoja na nusu hivi ukapita, na ajali yenyewe ilipokuja haikuletwa na kitu kuchomoka.

Tarehe 2 Juni 2015, treni nne zilikuwa zinazunguka, wakaongeza ya tano. Wakatuma treni moja tupu ya kujaribu, na siku hiyo ilikuwa na upepo mkali, ile treni tupu haina uzito wa watu wa kuisukuma, ikaishiwa nguvu ikakwama katikati ya mzunguko. Nyuma yake kuna treni ina watu 16 imeshaanza safari. Kompyuta ikaona kwamba mbele kuna treni haijatoka, ikawasimamisha wale watu mlimani. Mama, soma hapo mara mbili. Mashine ilifanya kazi yake. Mafundi wakaangalia, wakahesabu treni vibaya maana sio wote walijua kuna ya tano imeongezwa, na ile iliyokwama hawakuiona, wakaamua kompyuta ndo imekosea, wakaibaipasi, yaani wakaruka amri yake, wakaruhusu treni iende. Ikaenda kugonga ile tupu. Wote 16 waliumia, wasichana wawili kila mmoja akapoteza mguu. Walibaki wamening'inia mita kadhaa juu, wameinama upande, na mahakama ilielezwa kwamba simu ya kuita msaada wa dharura ilipigwa dakika 17 baada ya kugongana. Kuwatoa wote kulichukua zaidi ya masaa manne.

Kesi ilisikilizwa Stafford, mwezi wa tisa 2016 kampuni ikapigwa faini ya pauni milioni 5. Na idara ya usalama kazini ya huku, HSE, haikuishia kwa wale mafundi. Walisema kosa ni la kampuni kwa kutokuweka utaratibu wa kazi ambao fundi angeufuata akiwa anashughulika na mashine huku watu wako juu yake. Yaani waliachiwa waamue wenyewe, kila mtu na hesabu yake, foleni inawaangalia.

Hili linanigusa kwa sababu nimefanya matengenezo ya mashine kiwandani miaka mingi na nimeshasimama pale pale waliposimama wale. Tulikuwa na mkanda wa kubeba mizigo una sensa ya mlango wa usalama, ilikuwa inasimamisha kazi kila mara, kila mara tunakwenda hatukuti kitu. Mara ya kumi na kitu msimamizi akasema weka waya hapo ibaipasi tumalize shifti. Nikaweka. Ilikaa na ule waya wiki mbili, hakuna aliyeukumbuka, mpaka siku mwenzetu aliingiza mkono kutoa boksi akijua mlango ukiwa wazi mkanda hautembei. Mkono ulipona ila vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Kwa hiyo nikisoma habari ya wale mafundi wa Staffordshire siwezi kuwaita wajinga, najua kabisa ile sauti ya kichwani inayosema aah ni sensa tena.

Sasa jibu lako. Mimi wa kwangu ningemruhusu. Lakini mfundishe macho ya kuangalia. Ikisimama wakiwa kwenye foleni, aangalie wanavyoiwasha. Wale wanaojua kazi utaona watu wao wanapita kukagua, halafu treni inatumwa tupu, inazunguka, inarudi, pengine mara mbili tatu, ndo watu wanaingia, inachosha lakini ndo inavyotakiwa. Wakifunga kwa ajili ya upepo asiwanunie. Na kama imesimama kisha ghafla tu inaondoka na watu, na kesho hivo hivo, na keshokutwa, hiyo foleni atoke, iko michezo mingine. Cha mwisho, asidanganye urefu wake, na ile nondo ya kumfungia kwenye kiti ikishushwa asiweke begi wala jaketi katikati ya mwili na nondo, nafasi inayobaki mwili unakuja kuipata kule juu.

SWALI: Fundi mkubwa, mimi kijana wa Kikongo nakaa Columbus, Ohio. Wenzangu kazini walikuwa wanasubiri sana ile rola kosta ya Top Thrill 2 kwenye bustani ya michezo ya Cedar Point, ikafunguliwa siku nane tu ikafungwa mwaka mzima. Nashindwa kuelewa, chuma kikubwa vile, pesa nyingi vile, kishindwe na magurudumu? Na nani Ohio anakagua hizi vitu?

JIBU: Mdogo wangu, magurudumu ndo rola kosta yenyewe, hivo vyuma vingine vyote vipo kwa ajili ya kuyapa pa kupita. Angalia treni kwa karibu utakuta kila sehemu kuna magurudumu ya aina tatu, yanayokaa juu ya reli, yanayobana pembeni, na yanayoshika kwa chini ili treni isinyanyuke. Mengi yamevikwa plastiki ngumu kwa juu, ndo maana hayapigi kelele ya chuma. Sasa chukua gurudumu la kipenyo cha sentimita 30, lipeleke kilomita 193 kwa saa, linazunguka zaidi ya mara 50 kwa sekunde moja. Linachemka, na bado limebeba uzito wa watu ambao pale chini kwenye kona ya kupandia mnara unazidi mara kadhaa.

Hiyo mashine ina historia. Ilianza 2003 ikiitwa Top Thrill Dragster, mnara wa mita 128, ilikuwa inarushwa na mtambo wa haidroliki, unaotumia mgandamizo wa mafuta kuvuta kamba ya chuma. Agosti 2021 kipande cha chuma, ukubwa wa kiganja, kilichomoka kwenye treni kikampiga mama mmoja kichwani, naye hata hakuwa amepanda, alikuwa kwenye foleni, akaumia vibaya sana. Haikubeba watu tena kwa sura ile. Mwaka 2022 wakatangaza kuistaafisha, mwaka uliofuata wakasema inarudi na watengenezaji wapya, Zamperla wa Italia, ule mtambo wa mafuta umetolewa zimewekwa sumaku za umeme, na wakajenga mnara wa pili kwa nyuma. Treni inarushwa mbele, haifiki juu, inarudi nyuma ikiongezwa mwendo, inapanda mnara wa pili kinyumenyume, inashuka, inarushwa tena mara ya tatu ndo inavuka kilele.

Unaona tofauti? Zamani gurudumu lilirushwa mara moja kwa kila safari, sasa mara tatu, mbele na nyuma, kwa mabehewa mapya ambayo hayajawahi kutumika kwa staili hiyo. Ilifunguliwa tarehe 4 Mei 2024, tarehe 12 ikafungwa, wakasema mabehewa yanahitaji marekebisho kwenye sehemu ya magurudumu, na msimu wote ukaisha bila kufunguliwa. Ilirudi Mei 2025, na hapo pia ikawa inasimama simama. Watu walikasirika na nawaelewa, mtu kasafiri na familia. Ila fikiria hasara ya kuiacha mashine kubwa kuliko zote pale ndani imekaa kimya msimu mzima wakati picha yake iko kwenye kila tangazo. Mwenye kukubali hasara ya namna hiyo ndo mtu ninayemwamini na mwanangu. Hapo hata sina maneno mengi.

Kuhusu ukaguzi, kwenu Ohio kazi hiyo iko chini ya idara ya kilimo ya jimbo. Ndio, kilimo, usifikiri nimekosea kuandika. Na Marekani toka 1981 serikali kuu haina mamlaka juu ya michezo iliyojengwa kukaa sehemu moja daima, kila jimbo linajipangia lenyewe, kwa hiyo ukivuka mpaka wa jimbo usidhani ukaguzi uliouacha nyuma ndo utakaoukuta mbele. Ule wa kuhamahama, unaokuja na malori kwenye maonesho, huo ndo serikali kuu inaufuatilia.

SWALI: Niko Charlotte, North Carolina. Kuna dada kazini aliniambia pale bustani ya michezo ya Carowinds mgeni wa kawaida tu aliona nguzo ya rola kosta imepasuka na watu wanaendelea kupanda. Ni kweli au ni stori? Na mimi nikiona kitu kama hicho nitajuaje kama ni kibovu kweli?

JIBU: Ni kweli dada yangu. Ilikuwa tarehe 30 Juni 2023, rola kosta inaitwa Fury 325, namba hiyo ndo urefu wake kwenda juu kwa futi, kama mita 99. Na hii haikuwa mpya, ilifunguliwa 2015, nimeiingiza hapa kwa sababu ya hilo swali lako la pili ambalo ni zuri mno. Mgeni alikuwa chini anaangalia juu, akaona nguzo ya bluu imeachana sehemu ya juu kabisa, treni ikipita pale kwenye kona nguzo inahama, unaona mwanga katikati. Akachukua video, ikafungwa siku hiyo hiyo. Nguzo ikabadilishwa nzima, ikajaribiwa, ikafunguliwa tena mwezi wa nane.

Chuma kinachovutwa na kuachiwa mara elfu kwa elfu kinachoka, ufa unaanza mdogo hauonekani kwa macho, ndo maana msimu ukiisha treni zinafunguliwa bolti kwa bolti na vyuma vinapakwa dawa maalum au unga wa sumaku ili ufa ujitokeze. Nguzo zenyewe kuyumba kidogo treni ikipita ni kawaida, zimetengenezwa zicheze, usije ukapiga kelele kwa hilo. Kinachotakiwa kukushtua ni mwanya kwenye chuma ambacho kilikuwa kimoja, bolti iliyolala chini, kutu inayotiririka kama machozi kutoka kwenye kiungo, au mlio ambao dakika kumi zilizopita haukuwepo.

Ukiona, piga picha, kariri uliposimama, kamwambie mfanyakazi aliye kwenye kile kile kibanda cha kuendeshea, kabla hujaituma kwa ndugu na marafiki. Ni vijana wale, wengine ndo kazi yao ya kwanza, akikuambia nitawaambia na huoni anashika simu ya upepo, nenda ofisi ya wageni sema nataka mliandike na saa mliandike. Usione aibu eti mimi nani, Kiingereza changu cha kuungaunga. Picha inatosha. Hapo kwenu anayehusika na ukaguzi ni idara ya kazi ya jimbo, nayo inapokea taarifa kwa simu.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi shangazi yenu wa Birmingham, nina miaka 61 na presha natumia dawa. Wapwa zangu wamenilazimisha niwasindikize na wanasema lazima nipande nao mmoja. Je, ikikwama na mimi niko juu itakuwaje?

JIBU: Shikamoo shangazi. Kwa presha, usipande, na kwenye mlango utakuta wameandika kabisa, wapwa wasikusumbue. Kaa na mabegi yao, ule kitu, uwapige picha.

Ila kwa wengine wenye hofu hiyo niseme kidogo. Treni kukwama kichwa chini ni nadra sana, maana vile vipande vya reli nilivyoeleza vinaishia kwenye breki au kwenye mlima wa kupandia, na sehemu hizo zimewekwa makusudi mahali ambapo mtu atakuwa amekaa sawa na kuna ngazi pembeni. Ukisikia imesimama, usishindane na nondo. Haifunguki kwa nguvu na haitakiwi kufunguka. Zima ile hamu ya kutoa simu kurekodi, simu ikidondoka kutoka pale inaumiza mtu chini. Kama kuna mtoto pembeni ongea naye habari nyingine kabisa, shule, mpira, chochote, atatulia kabla yako. Wahudumu watapanda kwa miguu, watafungua mstari mmoja mmoja, hawafungui wote kwa pamoja, kwa hiyo usiseme wamekusahau, na sehemu nyingine watakuvalisha mkanda uliofungwa kwa kamba kabla hujasimama. Ukishasimama shika reli ya ngazi kwa mikono yote miwili, ngazi ni za wavu wa chuma unaona mpaka chini, angalia mgongo wa aliye mbele yako. Na siku hiyo mvae raba zenye kamba, ndala zinateleza kwenye ule wavu, hasa mvua ikiwa imenyesha.